Shamba Tupu la Mukandori

Mukandori alirudi Kalembe siku ya mvua, na hakuna aliyekwenda kumsalimu.

Nalisema hili mwanzoni kabisa ili asije mtu wa nje akalisema kabla yetu. Sisi watu wa Kalembe tunajulikana kwa mengi, mazuri na mabaya, lakini hakuna aliyewahi kusema kwamba tunamwacha mtu aliyerudi akae peke yake kama mbwa wa barabarani. Mwaka huu tulifanya hivyo. Tulifanya kwa sababu tulikuwa na adabu, na kwa sababu tuliamini sayansi. Vyote viwili kwa pamoja.

Kwetu, mtu anayerudi kwenye kilima chake hakaribishwi kwa mdomo. Kila nyumba inampelekea mche mmoja wa mgomba. Unaung'oa kwenye shamba lako mwenyewe, unaubeba begani mchana kweupe watu wakiuona, unafika kwake, unachimba shimo kwa mikono yako na kuupanda. Ndipo unaketi, unauliza habari za huko alikokuwa. Shamba lake likishajaa linakuwa na majina: ule ni wa Sebarenzi, ule wa mama fulani wa karibu na kanisa, ule wa yule mpumbavu aliyechimba shimo fupi. Na siku mtu akija kumuuliza kwa haki gani analima pale, hatafuti karatasi. Anaita majirani, nao wanasimama mbele ya migomba na kusema: huu niliupanda mimi, siku aliporudi. Katika nchi hii, ambapo kila kilima kimegombaniwa, hilo si jambo dogo.

Kwenda kwa mtu huyo mikono mitupu ni kumwambia: wewe ni mpita njia, sisi hatutegemei kwamba utabaki. Basi sisi hatukwenda. Tulikuwa tumekatazwa kupeleka mche, na bila mche tuliona haya kufika. Tukaanza kuzunguka kwa njia ya kijito ili tusipite mbele ya mlango wake. Sebarenzi, shemasi wa kanisa letu, jirani ambaye shamba lake linapakana na la Mukandori, alikuwa akienda kulima asubuhi huku ameinamisha kofia machoni kama mtu anayekwepa jua, na jua halikuwepo.

Mukandori aliona yote hayo. Alikuwa ametoka kwenye kambi ya wakimbizi karibu na Mubambiro, kule chini ya Sake, ambako alilala yeye na watoto wake wawili katika hema la shitingi, yale maturubai ya msaada, juu ya mawe meusi ya volkano. Mumewe, Rukundo, alibaki huko huko, chini ya mawe hayo. Kambi ilipovunjwa alipanda vilima hadi kwetu, akasimamisha kibanda pale nyumba yake ilipokuwa, akafyeka magugu, akangoja. Shamba lake lilibaki tupu. Mwisho akatuma neno kwa Katembo, mfanyabiashara wa Butembo mwenye lori la Fuso linalokuja siku ya soko, kwamba lori likirudi Goma limpakie. Ana dada yake huko.

Kila mtu alijua. Mjane angeondoka na kilima cha Rukundo kingebaki bila mtu, na hapa kilima bila mtu hakikai muda mrefu kabla mwingine hajakitamani.

*

Sasa lazima nieleze nani alitukataza.

Msimu mmoja kabla ya hapo, migomba yetu ilianza kufa. Majani yaligeuka manjano na kunyauka kana kwamba mtu ameyamwagia maji ya moto, ndizi zikaiva kwenye mkungu zikiwa bado changa, na ukizikata ndani ni kahawia, zinanuka. Wengine walisema ni sumu. Wengine walitaja majina ya watu. Mambo ya majina yakianza hapa kwetu huwa hayaishii kwenye migomba.

Ndipo akaja Adelaïde Kavugho. Mwanamke wa Butembo, mtafiti wa mimea, mfupi, buti zake za mvua zilimfika magotini. Tulimwita Mama Agronome. Hakuitisha mkutano kanisani, hakutoa kofia wala fulana. Aliomba tumwonyeshe mgomba mgonjwa, akaomba panga, akakata shina, akasema tungoje.

"Tungoje nini?" Sebarenzi aliuliza.

"Papa, ngoja tu. Hata maharagwe unangojaka."

Tukangoja. Kwenye ule mkato yakaanza kutoka matone mazito ya manjano, kama usaha wa kidonda. Mama mmoja alirudi nyuma akafunika pua.

"Hii njo iko inawaua," akasema Kavugho. "Si muntu. Iko kadudu kadogo, jicho haiwezi kuona. Kanapita kwa panga, kanapita kwa wadudu wanaokuja kwa maua, kanapita ndani ya muche. Lakini musiniamini mimi. Endeni kila muntu kwa shamba yake, mukate, mungoje, mutaona."

Tulikwenda. Tuliona. Na tangu jioni ile hakuna aliyetaja tena jina la mtu.

Kwa hiyo ninakasirika ninaposikia watu wa mjini wakisema kwamba mkulima haamini sayansi, kwamba lazima asukumwe. Nani alitusukuma? Tulionyeshwa kitu kwa macho yetu, kwa lugha yetu, na mtu asiyetucheka. Alitufundisha kuchoma panga kwenye moto kabla ya kutoka mgomba huu kwenda ule. Alitufundisha kuvunja lile ua jekundu linaloning'inia chini ya mkungu kwa fimbo yenye panda, wala si kwa panga. Na akasema neno la tatu:

"Muche hata ikiwa muzuri kwa macho, ugonjwa inaweza kulala ndani. Musitoe, musipokee, mpaka nirudi niwaambie."

Akaondoka. Kisha barabara ikafungwa na vita, na huko "mpaka nirudi" kukawa kurefu kuliko yeye au sisi tulivyofikiri. Sisi tulishika neno. Ugonjwa ukapungua shamba kwa shamba, hata migomba ya Sebarenzi iliyokuwa imebaki kama ndevu za mzee ikaanza kujaa tena.

Hayo ndiyo yaliyokuwepo wakati Mukandori alipofika na mafurushi yake.

*

Kavugho alirudi mkesha wa siku ya soko, kwa moto, ile pikipiki yake, kutoka upande wa Mweso. Alinikuta barabarani akaniomba nimtembeze. Kila shamba tuliloingia alitabasamu. Alipiga picha, akauliza maswali, akakuta panga zenye weusi wa moto na fimbo zenye panda zimesimama kila mlangoni.

"Plamedi," akaniambia, "unajua kule Goma wanasema nini? Wanasema watu ya vilima hawafuate mashauri. Nitawaonyesha Kalembe."

Nilijivuna, sikatai.

Tukafika kwa Mukandori. Alikuwa ameketi kwenye furushi mbele ya kibanda, anafunga sufuria kwa kamba. Watoto walikuwa wanachezea udongo. Nyuma yao shamba lilikuwa limefyekwa safi kabisa, jeusi, tupu.

Kavugho alilitazama, akapiga makofi mawili madogo ya furaha.

"Muzuri sana, Mama. Hata muche moja hakuna. Hivi njo nilitaka."

Mukandori aliacha kamba. Alimtazama buti, akapanda na macho hadi usoni.

"Ulitaka nini?"

"Shamba iko namna hii. Watu walishika neno. Hakuna mwenye alileta muche."

"Njo wewe?"

"Ndiyo, mimi njo niliwaambia."

Mukandori akasimama. Ni mwanamke mrefu, na njaa ya kambi ilikuwa imemfanya aonekane mrefu zaidi. Nilidhani atampiga. Badala yake alinigeukia mimi.

"Plamedi, mutoto wa watu. Ni kweli? Njo juu ya hii?"

"Ni kweli, Mama."

"Si juu ya Rukundo? Si juu walisema tulienda na nani, tulikaa upande gani?"

"Hapana, Mama. Ni migomba tu."

Akaketi tena kwenye furushi, kwa kishindo, sufuria ikalia. Akaweka viganja usoni. Alipoondoa, macho yalikuwa makavu lakini sauti ilikuwa imepasuka.

"Mimi nilikuwa najua kilima muzima kimenitupa. Usiku nahesabu nani nilimukosea. Nilifika mpaka kuku ya jirani, mwaka wa ndoa yangu, mwenye niliuaka kwa jiwe bila kujua. Nikasema labda njo ile kuku."

Kavugho hakuelewa. Alikuwa bado na nusu ya tabasamu, akinitazama mimi, kisha yeye, kama mtu aliyeingia kwenye nyumba ya msiba akidhani ni harusi. Nikamweleza, pale pale, mche ni nini kwetu. Nilimweleza kwa hasira kidogo, na kila neno nililosema tabasamu lilishuka.

"Lakini mimi sikukataza kumutembelea," akasema polepole.

"Wewe hukukataza," Mukandori akajibu. "Wewe ulitoa muguu moja ya kiti. Nani atakaa?"

Kavugho alisema pole. Mukandori akasema asante, akarudi kwenye kamba yake.

"Mama, sasa unajua si chuki," nikasema mimi. "Utabaki?"

"Kujua ni kujua. Lakini jana ilipita bila muntu, na juzi. Kesho Katembo anakuja. Mimi siwezi kukaa pahali watu wanazunguka kwa kijito."

*

Kavugho alitembea hadi kwa Sebarenzi haraka hivi kwamba nilimfuata nikihema. Mkewe, Muhawenimana, alikuwa anapepeta maharagwe. Watu waliona buti zile zikipita, wakaja mmoja mmoja, ua ukajaa.

"Papa Shemasi," Kavugho alianza bila kuketi, "juu ya nini hamukuenda kwa Mama Mukandori?"

Sebarenzi alivua kofia. "Wewe mwenyewe ulisema tusipeleke muche."

"Nilisema muche. Sikusema musiende."

"Kwetu iko kitu moja."

"Nani aliniambia?"

"Uliuliza nani?"

Muhawenimana aliacha kupepeta. Kavugho aliketi kwenye jiwe la kunolea panga.

"Hapo uko na haki," akasema. "Niliuliza mugomba. Niliuliza udongo, wadudu, mvua. Sikuuliza muche inafanyaka kazi gani kati yenu. Nilifikiri muche ni ya kupanda tu."

Sijawahi kumsikia msomi akisema hivyo mbele ya watu. Nadhani wengine pia, maana wote tulitazama chini, kana kwamba ni sisi tuliokosea. Na kweli tulikuwa tumekosea.

Lakini mimi damu yangu ni ya moto, nikasimama. "Basi toa ruhusa. Jioni hii kila muntu abebe muche. Kesho akiamka shamba imejaa."

"Siwezi."

"Mama, anaenda kesho. Anaenda Goma juu ya kadudu?"

"Plamedi, nikitoa ruhusa leo, na muche moja tu iko mugonjwa, yule mama atakaa, atafurahi, na mwaka kesho shamba yake yote inakufa. Kisha ya Papa Shemasi, ni hapo tu ng'ambo ya mupaka. Siku ile utaniambia nini?"

"Miche yangu mimi ni mizima," akasema Sebarenzi.

"Labda."

"Labda ni nini? Wewe ulisoma ao hukusoma?"

"Nilisoma, Papa. Njo maana nasema labda."

Watu walicheka, hata Sebarenzi mwenyewe, ingawa alijaribu kuficha mdomo kwa kofia. Ubaridi ukavunjika kidogo.

"Hakuna kitu kingine cha kupeleka?" Kavugho akauliza. "Mbegu ya maharagwe? Viazi?"

"Maharagwe ni ya musimu moja," Muhawenimana akasema. "Ukimupa maharagwe umemwambia avune aende. Mugomba inakaa. Watoto wa watoto wake wataikuta."

Kisha akaweka ungo chini, akauliza swali ambalo sisi wanaume na makelele yetu hatukuwa tumelifikiria.

"Wewe unatembea vilima vyote. Ni wapi unajua ugonjwa haiko?"

Kavugho alifikiri. "Buleusa. Kule Walikale. Kuna kilima tunapitaka kila musimu, bado hatujaona hata mugomba moja yenye alama. Siapi. Lakini ingekuwa ni shamba ya mama yangu, njo kule ningechukua."

Minong'ono. Kati yetu na watu wa upande ule kulipita miaka mibaya, sitaifungua hapa.

"Buleusa watupatie miche sisi?" mtu akauliza kutoka nyuma.

"Kuna Papa Luc, mukubwa wa wakulima kule. Ataniuliza ni ya nini."

"Tutamwambia ya nini," Sebarenzi akasema. Alishangaza watu. "Wao pia walikimbia, wao pia walirudi. Muntu wa Buleusa hajui maana ya muche ya kurudi? Anajua kutushinda. Naenda mimi, kwa moto. Nani mwingine?"

Mikono ilipanda, mingine kwa haraka, mingine kwa kusitasita. Lakini hesabu haikukubali. Kwenda Buleusa ni kutwa nzima kukiwa na mvua, na kurudi ni kutwa nyingine, ukiacha vizuizi vya njiani. Lori la Katembo lingeondoka asubuhi.

"Basi muntu aende amwambie angoje," Kavugho akasema.

Watu waligeuka kutazama kibanda cha Mukandori.

"Ni kutembea tu mpaka pale. Namuona kutoka hapa."

"Kwenda na nini mukononi?" akauliza mama mmoja, kwa sauti ya chini kabisa.

"Bila kitu."

Watu wakaanza kukumbuka mbuzi wao na mioto yao ya jikoni. Ua ukapungua. Kavugho alisimama.

"Nitarudi mimi, nimwambie."

"Wewe ulishaenda," Sebarenzi akamwambia, bila ukali. "Pole, Mama Agronome. Hapa wewe si jirani. Akikuona wewe tena, ataona tu mwenye alikataza."

Hapo nikaona jinsi uso wake ulivyochoka. Alikuwa na elimu yake yote, na ilikuwa ya kweli, na sasa kulikuwa na hatua chache za kutembea ambazo elimu hiyo haikuweza kuzitembea kwa niaba ya mtu mwingine.

*

Asubuhi Fuso ya Katembo ilisimama chini ya kibanda cha Mukandori. Soko lilikuwa ng'ambo ya barabara, kwa hiyo kila mtu alikuwepo na kila mtu alijifanya kununua kitu. Mimi nilikuwa nimeshika kitunguu kimoja muda mrefu mpaka mwenye kuuza akaniuliza kama nataka kukioa.

Katembo ni mtu mzuri, Mkatoliki mwenye rozari kwenye usukani. Alipakia mwenyewe godoro la Mukandori, polepole, akalishusha, akalikunja upya, akalipakia tena. Nilielewa anavuta wakati. Lakini godoro ni moja tu, na mafurushi yalikuwa machache.

"Mama, tuko tayari?" mwisho akauliza.

"Tuko tayari."

Kavugho alikuwa amesimama kando ya moto yake, kofia ya chuma mkononi. Sebarenzi alikuwa nyuma yake, tayari kwa safari ya Buleusa ambayo sasa haikuwa na maana.

Ndipo Muhawenimana akateremka. Hakupita njia ya kijito. Alipita katikati ya barabara, katikati ya soko, na mikono yake aliishika mbele, viganja juu, ili kila mtu aone hakuna kitu. Nimewaona wanaume wakipita vizuizi vya askari kwa ujasiri mdogo kuliko ule. Mwanamke mmoja alitoa sauti kama mtu aliyechomwa na mwiba. Sebarenzi alisema jina la mkewe mara moja, taratibu.

Alipita lori. Alifika mbele ya kibanda, ambako Mukandori alikuwa anafunga mlango kwa kipande cha waya.

"Mikono yangu iko mitupu," akasema.

"Naona. Umekuja kunisindikiza?"

"Hapana."

Akaketi chini, kwenye udongo wenye maji, na kitenge chake cha soko. "Nimekuja kuuliza habari ya kule."

Mukandori alibaki na waya mkononi. Kuuliza habari kabla ya mche ni kinyume cha kila kitu tulichofundishwa. Tungeona kichaa akifanya hivyo tungemfukuza.

"Habari ya kule," Muhawenimana akarudia. "Rukundo alikufa namna gani? Sisi tulisikia tu."

Mukandori alitazama soko, akatutazama sisi wote na vitunguu vyetu. Kisha akaketi, si kwenye furushi, maana mafurushi yalikuwa juu ya lori, bali chini vile vile, magoti yao yakikaribia kugusana.

"Ni kuhara," akasema. "Ilimukamata asubuhi. Tulimubeba, tukangoja kwenye musitari. Na kaburi... Kule ni mawe, mama Muhawe. Jembe inalia tu. Tulimufunika zaidi kuliko tulimuzika."

Alianza hapo, akaendelea. Alisimulia mvua iliyoingia hemani, mtoto aliyepotea siku nzima akapatikana kwa watu wa Sake waliomlisha, mwanamke wa kambi aliyekuwa akiwachekesha wote kwa kumwiga mgawa chakula. Muhawenimana alikuwa anauliza, "Kisha?" na "Eee, Mungu wangu," na mara moja walicheka wote wawili.

Mama mwenye vitunguu aliacha meza yake, akavuka barabara, mikono mitupu, akaketi. Mwingine akafuata. Mimi pia nilivuka, na nilikumbuka katikati ya njia kwamba bado nilikuwa na kitunguu, nikakitupa. Sebarenzi alikuja wa mwisho, kofia mkononi. Alitaka kusema jambo la kishemasi, akaliacha, akaketi tu.

Katembo alikuwa amezima injini. Hatukumbuki ni lini.

Baadaye, Mukandori alipomaliza, alimwita Kavugho, ambaye alikuwa bado barabarani.

"Wewe wa microbe, wewe wa kadudu. Karibu."

Kavugho akaja, akaketi na buti zake.

"Wanasema mutaenda Buleusa kutafuta."

"Tutaenda leo, ukibaki."

"Wewe utaleta wako?"

"Nitaleta mingi, Mama, ya watu wote."

"Siulizi ya watu wote. Wako. Wa kupanda na mikono yako." Mukandori alinyoosha kidole kwenye shamba. "Lakini ujue. Mwenye anapanda muche kwa muntu, anarudi kula mukungu wa kwanza. Asiporudi, tunaikata mugomba ile, tunaitupa. Watu wa utafiti wanakujaka hapa, wanapima, wanaenda, hatuwaonake tena. Kama wewe ni wa vile, usilete."

Kavugho alilitazama shamba kwanza, na kwa hilo nilimheshimu. Angeweza kusema ndiyo ya haraka.

"Kazi inaweza kunipeleka mbali," akasema. "Barabara inaweza kufungwa tena. Uliona."

"Niliona."

"Nitaleta. Barabara ikifunguka nitakuja. Hiyo naweza kuapa."

Mukandori alitikisa kichwa, akamgeukia Katembo. "Kaka, teremusha godoro yangu. Na usiikunje tena, utaipasua."

*

Papa Luc wa Buleusa aliuliza miche ni ya nini, wakamwambia, akaita watu wake wakang'oa wenyewe, baada ya Kavugho kupita mgomba kwa mgomba na panga iliyochomwa. Waliirudisha kwenye moto tatu, imefungwa kama watoto mgongoni. Kila nyumba ya Kalembe ilichukua wake, ikaubeba begani hadi kwa Mukandori. Kavugho alipanda wa mwisho, kwenye kona ya juu, na alichimba shimo fupi. Tulimwambia. Alisema kwenye vitabu linatosha. Muhawenimana alimnyang'anya jembe.

Msimu haujaisha bado, na hatujui kama ugonjwa umelala ndani ya mmojawapo. Tunatazama majani. Kavugho naye hajui, na ametuambia hajui.

Wiki iliyopita Mukandori alikuja kwangu kwa sababu simu yangu ndiyo inayoshika mtandao juu ya kilima. Nikampigia Kavugho, nikampa.

"Mama Agronome, muche yako imekufa."

Nilisikia Kavugho akisukuma kiti huko Goma.

"Majani ni ya manjano?"

"Hakuna majani."

"Umekata shina? Inatoa maji ya manjano?"

"Hakuna shina. Mbuzi ya Papa Shemasi ilikata kamba. Imekula yote, mpaka chini. Ya wengine haikugusa. Wako tu."

Kicheko kikalipuka kwenye simu, na Mukandori akacheka naye mpaka akajishika kwenye bega langu.

"Mbuzi yenyewe inaendelea namna gani?" Kavugho akauliza.

"Muzima. Papa Shemasi anaona haya, anazunguka tena kwa kijito."

"Mumuambie aache. Njia ya Mweso iko wazi?"

"Iko wazi tangu jana."

"Basi napitia kwa Papa Luc, nakuja. Mama, utayarishe miti ya kuzungushia. Na lile shimo, mulichimbe ninyi."